Pembe za Propela Shafti kwenye Gari Lililoinuliwa

Kuinua gari la magurudumu manne yanayosukuma, kazi inayofanywa katika karakana nyingi za Arusha na Nairobi, kwa wamiliki wengi huanzia na kuishia kwenye springi na shokapu: hufungwa springi ndefu au ngumu zaidi, bodi hupanda kwa milimita 50 au 100, matairi makubwa hupata nafasi, na gari hutoka likiwa na kimo alichokitaka mwenyewe. Vilivyo chini ya sakafu havibadilishwi. Propela shafti, yaani bomba la chuma linalopeleka mzunguko kutoka kwenye transfa hadi kwenye difu, huachwa kama ilivyotoka kiwandani, na hukumbukwa pale tu inapoanza kulia, kutetemesha sakafu au kukatika njiani. Ushauri wa haraka unaotolewa wakati huo ni kununua jointi kubwa zaidi, nao hushindwa mara nyingi kwa sababu jointi inayokufa mapema kwenye gari la aina hii huwa imeuawa na pembe inayofanyia kazi, na jointi nene iliyowekwa kwenye pembe ileile hurithi adhabu ileile.

Transfa ni kisanduku cha gia kilicho nyuma ya giaboksi, ambacho hugawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma na hutoa gia za chini za kupandia milima na kuvukia matope. Kisanduku hicho kimefungwa kwenye chasisi, hali difu na ekseli yake hushikwa na springi na hupanda na kushuka kila gurudumu linapokanyaga jiwe au kuingia shimoni. Kwa hiyo shafti inayoviunganisha haiwezi kunyooka na vyote viwili kwa wakati mmoja, na hulazimika kukunjika kwenye ncha zake huku ikiendelea kuzunguka. Jointi ya kawaida inayoruhusu mkunjo huo ina yoki mbili, ambazo ni vipande vya chuma vyenye umbo la panda, zilizokabiliana kwa pembe mraba na kuunganishwa katikati na krosi, chuma chenye mikono minne ambayo kila mmoja umevikwa kikombe chenye beringi za sindano, vijiti vyembamba vinavyobingirika kuuzunguka mkono. Asili yake ni ya zamani kuliko gari lenyewe. Gerolamo Cardano, mwanahisabati wa Italia aliyeishi kati ya 1501 na 1576, anahusishwa na wazo hilo. Robert Hooke wa Uingereza aliichunguza jointi hiyo katika karne ya 17 na kuitumia katika vyombo vya kutazamia anga. Na Clarence Spicer, Mmarekani aliyepata hataza mwaka 1903, ndiye aliyeifungia ndani ya ganda lenye mafuta na kuanza mwaka uliofuata kuitengeneza kwa ajili ya magari, wakati ambapo magari mengi yalikuwa bado yanasukumwa kwa mnyororo.

Kasoro ya jointi hii inatokana na umbo lake, na hakuna ubora wa chuma unaoweza kuiondoa. Shafti inayoingiza nguvu ikizunguka kwa mwendo usiobadilika, ile inayopokea nguvu ng'ambo ya jointi iliyokunjika huongeza kasi na kuipunguza mara mbili katika kila mzunguko, na kadiri pembe inavyokua ndivyo tofauti hiyo inavyopanuka. Kasi ya chini kabisa ni ile ya kuingia ikizidishwa kwa kosaini ya pembe, na ya juu kabisa ni ile ya kuingia ikigawanywa kwa kosaini hiyohiyo. Kwenye pembe ya nyuzi 3 mabadiliko hayo hayafiki sehemu 2 katika 1000, na hakuna aliyeketi garini atakayeyatambua. Kwenye nyuzi 10 ni asilimia moja na nusu kila upande. Kwenye nyuzi 20 mambo huwa mengine kabisa. Shafti inayozungushwa mara 2000 kwa dakika, mwendo ambao gari lenye difu ya uwiano wa 4 kwa 1 hulifikia karibu na kilomita 75 kwa saa, huzungusha kipande kinachofuata kwa kasi inayoyumba kati ya mizunguko 1880 na 2130 kwa dakika, na yumbo hilo hurudiwa zaidi ya mara 60 katika kila sekunde.

Dawa ya jadi ni kuweka jointi ya pili kwenye ncha ya pili ya shafti, ili kile kilichoharibiwa na ya kwanza kirekebishwe na ya pili, na dawa hiyo hufanya kazi kwa masharti mawili. Sharti la kwanza ni kwamba pembe za jointi zote mbili ziwe sawa, jambo ambalo kwenye gari la kawaida hupatikana pale mhimili wa kutokea transfa unapokuwa sambamba na pinioni, yaani gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu. Sharti la pili ni kwamba yoki mbili zilizo kwenye ncha za shafti yenyewe zikae katika uelekeo mmoja, zikitazamana bila kupotoka. Masharti hayo yakitimia, pinioni huzunguka kwa mwendo sawa na ule wa transfa. Lakini shafti iliyo katikati huendelea kukimbia na kusita, na kwa kuwa ina uzito wake, msukosuko wake huhisiwa kwenye beringi za pande zote mbili. Ndiyo sababu gari ambalo pembe zake ni sawa kabisa bado linaweza kutetemeka ikiwa pembe hizo ni kubwa, jambo ambalo mafundi wengi wanaopima usawa peke yake hawalitilii maanani. Aidha, katika makadirio ya wahandisi, pembe ikiongezeka maradufu umri wa beringi za sindano hupungua kwa takriban nusu.

Kiasi ambacho kuinua gari huongeza pembe hutegemea zaidi urefu wa shafti. Ichukuliwe shafti fupi ya milimita 600 ambayo ncha yake ya difu iko milimita 100 chini ya ile ya transfa: pembe yake ni kama nyuzi 9.6, na gari likiinuliwa kwa milimita 100 zaidi pembe hiyo hufikia nyuzi 19.5. Shafti ya milimita 1200 katika mazingira yayo hayo huanza na nyuzi 4.8 na kuishia kwenye 9.6, mahali ambapo ile fupi ilianzia. Hesabu hii inaeleza kwa nini gari fupi kama Land Rover Defender 90, ambalo ekseli zake ziko umbali wa milimita 2360, hulalamika mapema kuliko Land Cruiser pickup yenye umbali wa milimita 3180, na pia inaeleza hali ya magari ya kitalii ya kaskazini mwa Tanzania, ambayo mengi ni Land Cruiser zilizokatwa chasisi na kurefushwa ili ziongezwe safu ya viti. Kurefusha huko hurefusha shafti ya nyuma na kuipunguzia pembe, ingawa huleta tatizo lake, kwa kuwa bomba refu huanza kupinda kama kamba inayorushwa likifikia kasi fulani na hivyo huhitaji kugawanywa na kuwekewa beringi ya katikati. Shafti ya mbele haiguswi na urefushaji huo. Inabaki fupi kama ilivyokuwa, na gari likiinuliwa, ndiyo inayobeba mzigo wote wa kosa.

Aina ya springi nayo ina neno lake. Kwenye springi za bapa, zile za mapande ya chuma yaliyolazwa moja juu ya jingine, ekseli hushuka karibu wima gari linapoinuliwa, hivyo pembe za juu na za chini hukua pamoja na usawa wake kwa kiasi kikubwa hubaki. Hali ya mbele ya Defender, ya Land Cruiser 80, na ya Land Cruiser za familia ya 70 tangu 1999, ni tofauti: ekseli hukaa juu ya springi za koili na kushikwa na mikono miwili ya chuma inayotoka kwenye ekseli kwenda nyuma hadi kwenye chasisi. Gari likipanda, mikono hiyo huzunguka kwenye bushi zake za nyuma na kuisokota ekseli pamoja nayo. Mkono wa milimita 900 ukishushwa kwa milimita 50 husokota ekseli kwa nyuzi 3 hivi, na matokeo yake huwa mawili kwa mpigo: pinioni, ambayo hutazama nyuma, huinua kichwa kuelekea transfa, na kasta hupungua. Kasta ni mwinamo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia, na ndio unaofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona na gari litulie kwenye barabara iliyonyooka. Ukipungua, gari huanza kutangatanga, dosari ambayo dereva huihisi siku ya kwanza.

Hapo ndipo usukani na shafti huanza kuvutana, na hakuna sehemu ya ufundi huu inayoeleweka vibaya kuliko hii. Ikiwa jointi zote mbili za mbele zilikuwa na nyuzi 6 kabla ya kuinua, na shafti ni ya milimita 700, kuongeza milimita 50 kutaifikisha jointi ya juu kwenye nyuzi 10, hali ya chini, kwa sababu pinioni imeinua kichwa kwa nyuzi 3, itakuwa na 7 tu: usawa umevunjika na mtetemo unaanza. Fundi wa usukani akija na bushi za kasta, ambazo tundu lake limesogezwa pembeni ili ekseli irudishwe mahali pake, usukani hutulia na jointi zote mbili hukaa kwenye nyuzi 10, sawa lakini kubwa. Kwa mwinuko wa namna hiyo suluhisho hilo linatosha, na mwenye gari asiuziwe kingine. Mwinuko ukifika milimita 100, bushi hizohizo huisukuma pinioni ikatazama chini wakati transfa iko juu, na pembe zote mbili huwa kubwa kiasi kwamba usawa wake hausaidii tena.

Baada ya hapo ndipo inapofaa kuzungumzia kubadilisha aina ya jointi. Inayopendekezwa zaidi ni jointi pacha, ambayo huweka krosi mbili ndani ya ganda moja, zikishikwa katikati na gololi inayozilazimisha zigawane pembe nusu kwa nusu, hivi kwamba nyuzi 20 huwa 10 kwa kila moja, na yumbo la ya kwanza hufutwa na la ya pili palepale, kabla halijafika kwenye bomba. Jointi hii hufungwa upande wa transfa, na kwa kuwa tayari imejirekebisha yenyewe, haihitaji mwenzake upande wa pili. Krosi moja ya chini haina wa kuifutia makosa, hivyo ni lazima ifanye kazi karibu na nyuzi sifuri, maana yake pinioni ielekezwe moja kwa moja kwenye transfa. Masharti yamegeuka kabisa. Anayefunga jointi pacha na kuiacha pinioni sambamba na transfa, kama ilivyofaa kwa shafti ya zamani, amelipia mtetemo mpya.

Kwenye ekseli ya nyuma kuelekeza pinioni juu si kazi ngumu, kwa kuwa magurudumu ya nyuma hayageuki na kasta haihusiki. Kwa springi za bapa hutumika vipande vya chuma vyenye mteremko kati ya springi na ekseli, na fundi makini huiacha pinioni nyuzi 1 au 2 chini ya mstari, kwa sababu nguvu ya injini huisokota ekseli na kuiinua pinioni gari linapovuta. Pembe ndogo hiyo ina faida nyingine: sindano zisizobingirika kabisa hukaa mahali pamoja na kuchimba mistari kwenye mkono wa krosi, na jointi iliyonyooka kupita kiasi inaweza kufa upesi kama iliyokunjwa kupita kiasi. Kwenye ekseli ya mbele kazi ni nzito. Kuielekeza pinioni juu kwa nyuzi 10 ni kuiua kasta, na njia pekee ya kutosheleza pande zote mbili ni kukata kichwa cha ekseli kinachoshika gurudumu, kukizungusha na kukichomelea upya, kazi ya mtu mwenye vipimo na mkono wa kuaminika, ambayo karakana nyingi hazipaswi kuijaribu.

Wamarekani wamelipitia somo hili kwa wingi kupitia Jeep Wrangler ya kizazi cha JK, iliyotengenezwa kwa modeli za 2007 hadi 2018. Shafti zake zilitoka kiwandani zikiwa na jointi za mwendo sawa, ambazo Waswahili wa gereji huziita sivii, zinazotumia gololi zinazoteleza kwenye mifereji ndani ya mfuko wa mpira uliojaa grisi, muundo ambao chimbuko lake ni kazi ya mhandisi Alfred Rzeppa katika miaka ya 1920. Jointi hizo ni tulivu sana kwa kimo cha kiwandani, lakini gari likiinuliwa mpira hukunjwa kupita uwezo wake, hujisugua, hupasuka na kumwaga grisi, kisha gololi hukauka na kuungua. Kwa hiyo wapanda miamba wa Moab, mji wa Utah ambako mikusanyiko ya Jeep wakati wa Pasaka imefanyika tangu 1967, huziondoa na kufunga shafti zenye jointi pacha za krosi, pamoja na yoki mpya kwenye transfa na difu. Krosi zinazotumika huko hutajwa kwa namba, 1310 ikiwa na vikombe vya kipenyo cha milimita 27 na 1350 ikiwa na vya milimita 30, tofauti inayoonekana ndogo kwa macho lakini yenye uzito mkubwa katika kubeba nguvu. Jointi pacha nayo haina huruma kwa mvivu: shafti ya mbele ya Land Rover Discovery ya kizazi cha pili, iliyouzwa kati ya 1998 na 2004, ilikuja na jointi pacha isiyo na nipeli ya kupitishia grisi, na iliyokauka ikikatika gari likiwa kwenye mwendo, shafti huchapa huku na huko na inaweza kupasua ganda la giaboksi.

Je, krosi kubwa haina nafasi? Inayo, pale ambapo tatizo ni nguvu na si pembe. Injini ya dizeli inayotoa nyutonimita 280, gia ya kwanza inayozidisha mara 4 na transfa ya chini inayozidisha mara 2.5 huleta nyutonimita 2800 kwenye shafti, na gurudumu likinaswa kati ya mawe kisha kuachiwa ghafla, pigo hilo hutua kwenye mikono minne ya krosi. Mazingira ya namna hiyo hupatikana kwenye mashindano ya Rhino Charge ya Kenya, yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa kulinda msitu wa Aberdare, ambapo magari hutakiwa kupita vituo 13 ndani ya saa 10 na mshindi ni aliyetumia umbali mfupi zaidi, sharti linalomfanya dereva akate korongo badala ya kulizunguka. Hata huko, hata hivyo, busara ina mipaka. Mnyororo wa nguvu hukatika kwenye pingili dhaifu, na krosi ikinenepeshwa kuliko vyote, pingili hiyo huhamia kwenye meno ya pinioni au ndani ya transfa, vitu ambavyo haviwezi kubadilishwa porini kwa nyundo na koleo. Kwa gari la safari linaloenda Katavi au Turkana, krosi ya kipimo cha kiwandani iliyo halisi, pamoja na ya akiba kwenye sanduku la vifaa, ina maana zaidi kuliko ile ya mashindano.

Uchunguzi wa kabla ya kununua chochote hauhitaji mashine. Kipimo cha mwinamo, hata kile cha simu ya mkononi, kikiwekwa kwenye uso wa flanji ya transfa, kwenye bomba na kwenye flanji ya difu, hutoa namba tatu ambazo tofauti zake ndizo pembe za jointi. Mtetemo unaoongezeka kadiri kasi inavyoongezeka bila kujali mguu wa mafuta mara nyingi ni wa shafti isiyo na mizani, hali ule unaobadilika dereva anapokanyaga au kuachia mafuta huelekeza kwenye pembe. Kwenye gari ambalo magurudumu yote husukuma wakati wote, kama Defender, shafti ya mbele inaweza kufunguliwa, difu ya katikati ikafungwa, na gari likaendeshwa kwa ya nyuma peke yake kwa umbali mfupi ili mwenye kosa ajulikane. Land Cruiser za familia ya 70 zenye vitovu vya mbele vinavyofunguliwa kwa mkono huficha ugonjwa, kwa kuwa shafti ya mbele hulala wakati gari liko lami, na kosa lililofanywa mjini hugunduliwa porini.

Wakati wa kufunga, kosa la kawaida kuliko yote hugharimu jino moja tu. Shafti nyingi zina sehemu ya kuteleza, ambapo bomba moja lenye meno huingia ndani ya jingine ili urefu ubadilike ekseli inapocheza, na anayeivuta sehemu hiyo bila kuweka alama akairudisha ikiwa imezunguka jino moja, huwa amezipotosha yoki na kulivunja lile sharti la pili. Sehemu hiyohiyo hutoka nje zaidi gari likiinuliwa, hivyo meno yanayoshikana hupungua, na shafti inapaswa kupimwa gari likiwa limening'inizwa na magurudumu yakiwa hewani, ili ihakikishwe kuwa haichomoki. Vikombe vya krosi huingizwa kwa presi au jiliwa badala ya kupigwa nyundo, kwa kuwa sindano moja iliyoanguka ndani ya kikombe huharibu jointi kabla haijatoka karakana, na grisi hupigwa hadi ionekane ikitoka kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kisichotoa grisi hakijapata.

Namba za pembe, mwisho, zichukuliwe gari likiwa na uzito litakaosafiri nao. Springi ngumu za kubebea mzigo huliinua gari tupu kupita kimo chake cha kazi, na Land Cruiser yenye watalii saba, maji, mafuta ya akiba na mahema juu ya paa inaweza kushuka vya kutosha kubadilisha pembe zilizopimwa asubuhi ndani ya karakana. Springi mpya nazo hukaa chini kidogo baada ya safari za mwanzo, hivyo kipimo cha pili huchukuliwa wakati huo, sambamba na kukaza upya bolti za flanji.